Siku Mama Alipoacha Kuwa Shahidi

Mpaka leo, nikinusa mpira unaoungua, mkono wangu wa kulia huinuka wenyewe kutafuta mdomo wa mtoto niuzibe. Mume wangu ameshazoea. Tukipita karibu na magereji ya Buyenzi, pale mafundi wanapochoma matairi mabovu ili wapate nyaya za ndani, hunishika mkono ule akautia katika mfuko wa koti lake, tukaendelea kutembea na kuzungumza habari za mvua. Haniulizi kitu. Lakini ninyi mnaonisoma hamjawahi kunishika mkono, basi kwenu itabidi nieleze.

Nilikulia hapo hapo Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa zamani mjini Bujumbura, ambako ukiamka unasikia adhana kwanza na nyundo za mafundi magari baadaye. Baba alifanya kazi katika meli za mizigo ziendazo Kigoma, kwa hiyo siku nyingi nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili na cherehani moja. Ilikuwa na chumba cha mbele ambamo mama alishonea, chumba cha kulala, stoo ndogo isiyo na dirisha, na ua wenye kamba ya kuanikia nguo. Mama alishona magauni ya vitenge, sare za shule na kanzu za Idi. Jina lake halikutajwa sana. Wote walimwita Mama Sakina, na Sakina ni mimi.

Mama alisifika kwa kushona, lakini alisifika zaidi kwa kutosema uongo. Sisemi kwamba alikuwa mpole. Ukweli wake ulikuwa na miiba. Kwetu mtu akikukuta unakula, humwambia karibu hata kama sufuria imebaki ukoko mtupu. Mama alisema, "Leo ni kidogo, pita kesho," na kesho yake alimtuma mtu akamwite. Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mama yake Saidi, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyeshonesha gauni la harusi ya ndugu yake. Alipolivaa akajizungusha mbele ya kioo na kuuliza, "Nimependeza?" Mama, pini zikiwa bado mdomoni, akajibu, "Umefanana na gunia ya makaa, dada. Lakini kosa ni la mi, si la we. Vua nitengeneze." Mama Saidi alinuna mwezi mzima. Kisha akarudi, na tangu hapo hakushonesha nguo kwa mtu mwingine, kwa sababu, alisema, fundi wa namna ile akikwambia umependeza, unaweza kutembea mpaka sokoni kichwa juu.

Kwangu mafundisho yalikuwa hayo hayo kila siku. Mdomo, alisema mama, ni chombo cha kulia chakula na cha kutajia jina la Mungu, hakitiwi taka. Alipenda pia msemo wa Warundi kwamba ukweli hupita motoni usiungue. Nikivunja kikombe nikakiri, nilipewa ufagio. Nikivunja nikakataa, nilichapwa kwa kukataa, na ufagio nikapewa vilevile. Watu wakigombania ukuta au kuku, waliishia kwenye mlango wetu: "Twende kwa Mama Sakina. Kama aliona, atasema." Naye alisema, hata kama aliyekosa alikuwa shoga yake. Mimi nilisimama nyuma ya cherehani nikiona fahari, kama kwamba ukweli ule nilisaidia kuushona.

Kisha Rais akauawa, vita vikaanza, na mji ukakatika vipande. Vilikuwa vita vya Wahutu na Watutsi, na mapema niwaambie kwamba sitawaeleza watu nitakaowataja walikuwa wa upande gani. Mama alinikataza. Alisema kila upande ulikuwa na wanaokimbia na wanaokimbiza, na msomaji akijua, atachagua wa kumhurumia.

Buyenzi watu waliishi mchanganyiko, na wakimbizi wa mitaa mingine walikuja kwetu. Lakini zilikuwako siku zilizoitwa "ville morte", yaani mji uliokufa. Siku hizo vijana wenye mapanga na guruneti walifunga barabara kwa mawe na matairi yanayowaka. Maduka hayakufunguliwa, na aliyekutwa njiani aliulizwa yeye ni nani. Sisi watoto tulijifunza kunusa. Moshi wa kuni ulikuwa wa chai. Moshi wa mpira ulimaanisha ingia ndani.

Asubuhi moja ya namna hiyo, jua likiwa limeshapanda juu ya mabati, mlango wetu wa uani ulisukumwa. Aliingia Mama Dezi. Huyu alikuwa mwanamke kijana aliyetuletea mboga za lengalenga kila asubuhi kutoka mtaa wa pembezoni mwa mji, akiwa na kikapu kichwani na mwanawe Dezi mgongoni, mtoto wa kama miaka mitatu. Siku ile hakuwa na kikapu wala viatu. Mtoto alikuwa amejichafua kwa woga, na mama yake alinuka moshi.

"Mama Sakina, unifiche," alisema. "Nyumba bameichoma. Bako nyuma yangu."

Niliona uso wa mama ukiganda. Naamini wakati ule alipima mambo yote: baba yuko Kigoma, mtoto wake mwenyewe amesimama hapo, mlango ni wa mbao nyepesi. Kisha akamvua yule mtoto kaptula, akaisuuza haraka katika beseni na kuianika, kwa mazoea tu, kama afanyavyo mwanamke yeyote akiona nguo ya mtoto imechafuka. Akawaingiza stoo, nyuma ya magunia ya vipande vya vitenge.

Mimi nilidhani nitabaki naye. Nilikuwa nimeshaenda kusimama mahali pangu nyuma ya cherehani.

"We Sakina," akasema, "na we ingia."

"Mi? Kwa nini mi?"

"Ingia. Ukae na mutoto, asilie. Usitoke mupaka nikuite."

Akanisukuma begani, kwa nguvu kidogo, akafunga. Nikasikia akiburuta meza yake ya kukatia nguo na kuiegemeza mlangoni.

Sijawahi kuwa katika giza kama lile. Lilikuwa na joto, na vumbi la makaa, na harufu ya mafuta ya cherehani. Mama Dezi alikuwa akitetemeka, na kutetemeka kwake kulipita katika magunia kukanifikia mimi. Niliogopa, lakini pia nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe iliniogopesha. Watu hawa walikuwa wanatafutwa ili wauawe, na mama yangu mzazi alikuwa amenifungia pamoja nao. Wakipatikana, nani angeuliza yupi ni yupi? Niliwaza: mama amewachukua hawa, na amenitoa mimi.

Nje nikasikia cherehani ikianza kuzunguka, taka-taka-taka, kama siku nyingine yoyote.

Hapo ndipo Dezi aliposhikwa na kwikwi.

Msicheke. Au chekeni, mimi mwenyewe nimewahi kuicheka, miaka mingi baadaye. Kilio cha mtoto unaweza kukibembeleza, kikohozi unaweza kukizuia. Kwikwi haina dawa. Mama yake alimpa ziwa, nami nikamwekea kiganja juu ya mdomo kila alipoachia, na chini ya kiganja changu mwili wake mdogo uliruka kama chura. Kila uliporuka nilihisi nyumba nzima imesikia. Cherehani peke yake ndiyo iliyotusitiri.

Walifika. Sauti zao zilikuwa za vijana, nyingine hazijakomaa vizuri. Mlango wa mbele ulifunguliwa bila hodi.

"Mama, iko mutu mu nyumba?"

"Iko mi," mama alijibu. Cherehani haikusimama.

"Apana we. Mwanamuke na mutoto. Bamemuona anaingia hii avenue."

"Hapa hakuingia mutu."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu. Sikuwahi kuyasikia maneno ya namna hiyo katika sauti ya mama. Yalitoka wima, bila mkunjo, kama yale ya kweli, na hilo lilinitisha kuliko panga nililolisikia likigongwa kwenye ukuta.

"Simamisha hiyo mashini," akasema mmoja, aliyeonekana mkubwa wao. Cherehani ikanyamaza. "Uko na mutoto, we?"

"Niko na binti."

"Iko wapi? Batoto ndio banasemaka ukweli. Muite."

"Ameenda kwa bibi yake, huko Bwiza. Hayuko."

Nikajiona nimefutwa. Nilikuwa hapo, hatua chache tu, na mama alikuwa amesema sipo. Katika ukimya ule, kwikwi ya Dezi ikaruka chini ya kiganja changu, na ikatoka. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mlango wa kabati unaofunguka. Mama Dezi alilaza kichwa chake juu ya kichwa cha mwanawe, nami nikafumba macho ingawa hakukuwa na cha kuona.

Mara hiyo hiyo mtu akaanza kuzungumza kwa sauti kubwa kutokea mlango wa uani. Niliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Saidi, mtoto wa jirani yetu yule wa gauni, aliyekuwa kipa wa timu ya mtaa. Sikuwa nimejua kwamba alitembea na watu hawa.

"Huko nyuma hakuna kitu, mi nimetazama," alisema. "Na huyu mama munapoteza wakati kumuuliza mara mbili. Mutaa wote unajua, hasemaka uongo. Mama yangu alivaa gauni lake, akauliza kama amependeza. Munajua alimujibu nini? Umefanana na gunia ya makaa!" Akacheka kwa nguvu. Akairudia hadithi nzima, pini mdomoni na kila kitu, akaongeza na mengine ambayo hayakutokea. Mmoja akacheka, kisha wa pili. Hata mkubwa wao akatoa sauti puani.

"Twende," akasema. "Hii avenue ni ndefu."

Walipoondoka, mama hakutufungulia mara moja. Alirudi kwenye cherehani akaiendesha muda mrefu, nikaanza kuogopa kwamba ametusahau. Alipofungua, niliona kwamba sindano haikuwa na uzi. Kitambaa chote kilikuwa kimejaa matundu tu.

Mama Dezi alipiga magoti amshukuru. Mama akamshika mikono na kumwinua. "Usinishukuru, mwanangu," alisema. "Kula kwanza."

Walikaa kwetu mpaka barabara zilipofunguliwa na baba akarudi. Safari yake iliyofuata aliondoka nao bandarini, Mama Dezi amevaa buibui la mama na kutembea nyuma yake kama mke. Walifika Kigoma salama. Nilifurahi walipoondoka, nisiwafiche. Nilidhani wakitoka wao, hofu nayo itatoka, na mama atarudi kuwa yule wa zamani.

Hakurudi. Haukupita muda majirani wawili wakagombania bati lililoangushwa na upepo, wakaja mlangoni kwetu kama desturi. Mama alikuwa ameona kila kitu kutoka dirishani, nami nilijua ameona. Hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mutafute mwingine," aliwaambia. "Mi si shahidi tena."

Walidhani anatania. Walipoona hatanii, walitazamana, wakaenda zao. Habari ikazunguka mtaa. Wengine walisema Mama Sakina amepata kiburi, wengine kwamba vita vimemtia woga. Mimi peke yangu nilijua sababu, na sikuwa na wa kumwambia. Kila jioni baada ya sala ya magharibi alibaki juu ya mkeka muda mrefu, midomo ikisogea, nami nilikaa pembeni nikimtazama kwa wasiwasi. Vita vilikuwa nje, vilipiga mizinga milimani, tulivizoea kama tulivyozoea mvua. Lakini neno la mama lilikuwa sakafu yangu, na sasa nilikanyaga kwa uangalifu, sijui ni wapi itabonyea. Akisema, "Baba yako atarudi Ijumaa," nilijiuliza: ni kweli, au ni kama siku ile?

Kabla mwaka haujaisha Saidi aliuawa, mchana, barabarani. Wapo waliosema aliuawa na wale aliotembea nao, wapo waliosema na wale waliokimbizwa. Sikupata kujua. Mama alijifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda msibani.

Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, chumba kimejaa, ubani unafuka. Mama Saidi alikuwa kwenye pembe, amekuwa mdogo, kile kicheko chake chote hakipo. Na wanawake, kama ilivyo, walikuwa wakinong'ona kwa sauti inayosikika. Kwamba alionekana na wenye mapanga. Kwamba aliwaonyesha nyumba za watu. Mmoja akasema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," na hakujali mama wa marehemu yuko hatua ngapi.

Mama yangu akasema, "Mi nitasema neno."

Minong'ono ikakatika. Tangu siku ya bati, hakuna aliyemsikia akisema hivyo.

"Iko jambo alilifanya huyu kijana. Mi nalijua. Siwezi kulieleza, sababu iko batu banaweza kufa bado kwa hilo. Lakini Mungu akiuliza habari za Saidi, mi nitasimama upande wake. Alikuwa mutu mwema."

Kisha bibi mmoja mzee, aliyekuwa karibu na mlango, akasema polepole, "Kama Mama Sakina amesema." Basi. Yule wa methali akainamisha kichwa. Mama Saidi alitambaa juu ya mikeka, kwa magoti, mpaka kwetu, akalaza uso katika mapaja ya mama na kulia kilio ambacho naona alikuwa amekizuia tangu asubuhi.

Nami nikiwa nimeketi pale, nilifadhaika. Nilimchukia Saidi. Alikuwa ameingia kwetu na watu wenye mapanga, akasimama akacheka. Sasa mama alikuwa amedanganya tena, mara hii mbele ya mtaa mzima, katika nyumba ya msiba. Njiani nilimwuliza kwa nini amesema uongo. Alisimama, akanitazama sana. "Ule haukuwa uongo," alisema. "Wa kwanza ndio."

Ilipita miaka. Vita vilichoka, watu wakatia sahihi mapatano, barabara zikafunguliwa. Niliolewa, nikazaa. Siku moja nimeketi naye uani nikimnyonyesha mwanangu wa kwanza, mtoto akashikwa na kwikwi, nami nikauinua mkono ule nikamziba mdomo kabla sijajijua. Mama aliona. Akaanza kueleza, mwenyewe, bila kuulizwa.

Aliniambia kwamba siku ile, wale vijana walipokwenda, alitoka uani akakuta kaptula ya Dezi haipo kambani. Alidhani wameichukua, akangoja warudi. Ndiyo maana hakutufungulia upesi. Kisha akaiona chini ya beseni lililofunikwa kifudifudi, imekunjwa vizuri. Saidi alijua nyumba yetu haina mtoto wa kiume. Aliiona kaptula, akaificha. Na ile kwikwi aliisikia pia. Ndipo alipopaza sauti na kuanza hadithi ya gunia la makaa.

"Alisema hasemaka uongo," mama aliniambia, "na alikuwa ananitazama machoni. Alijua. Tulisema uongo wote wawili, mi na yeye, na wakauamini sababu ya jina langu. Jina lote nililojenga, tulilitumia siku ile."

Nilikuwa nimebaki na swali moja, la zamani, lenye hasira ya mtoto wa miaka tisa ndani yake. Nilimwuliza kwa nini alinifungia na wale waliokuwa wanatafutwa. Angeweza kuniweka chini ya kitanda, au kunipeleka kwa jirani, au kuniacha kando yake.

Alishangaa, kama kwamba jibu lilikuwa wazi siku zote.

"Kando yangu wangekuuliza we," alisema. "Wangeanzia kwa we. Ungesema kweli, ndivyo nilikufundisha, na batu wawili wangekufa kwa mafundisho yangu. Ao ungesema uongo, mutoto mudogo, na ungeubeba mupaka leo. Nikaona heri niubebe mi."

"Na ulikosea?" nilimwuliza. "Kusema vile?"

"Uongo ni uongo. Naomba msamaha kila siku." Alimpokea mtoto mikononi mwangu, akamlaza begani na kumpigapiga mgongo. "Wakirudi kesho, nitausema tena."

Ameshafariki. Watoto wangu wananiuliza maswali ya namna hiyo hiyo, na mimi huwapa ufagio wakivunja kikombe. Sijawapatia maneno mazuri kuliko yake, na sijajaribu kuyanyoosha yale mawili aliyoyaacha yakigongana. Lakini lile la stoo nimelielewa. Miaka yote nilidhani alinifungia na watu waliokuwa wakiwindwa. Kumbe nami asubuhi ile nilikuwa nikiwindwa, kwa ajili ya mdomo wangu, na yeye peke yake ndiye aliyeliona hilo mapema.